Miligramu ni zilezile, damu inasema mengine

Mpendwa Mshauri,

Nina umri wa miaka 38. Miaka minne iliyopita nilipandikizwa figo niliyopewa na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa kwetu. Figo ilianza kazi siku ileile. Dawa zangu za kuzuia mwili usikatae figo zilikuwa takrolimasi miligramu 3 asubuhi na 3 jioni, mikofenoleti mofetili miligramu 500 asubuhi na jioni, na prednisoloni miligramu 5. Kila nilipopimwa, kiwango cha takrolimasi kwenye damu kilikuwa 6.8, 7.1, 6.5. Daktari alinisifu kila mara.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Kazi yangu ni ya zamu, na dozi ya jioni ilikuwa ikinipita mara mbili, hata mara tatu kwa wiki. Siku nne kabla ya kupimwa nilikuwa najikaza na kumeza kwa saa, majibu yakatoka mazuri. Nikajiambia kama damu haioni kasoro, basi kasoro haipo.

Miezi mitano iliyopita niliomba dawa ya mara moja kwa siku, nikisema tu kwamba zamu zinanisumbua. Daktari akakubali. Nikapewa kapsuli za kutoa dawa polepole, miligramu 6 kila asubuhi. Tangu hapo sijakosa hata siku moja, naapa. Nazimeza pamoja na kifungua kinywa, nikiwa nimeshiba, ili tumbo lisinisumbue. Damu ikatoka 4.2. Akapandisha hadi miligramu 8, ikatoka 5.0. Ndipo akaniuliza mbele ya muuguzi kama kweli nameza dawa. Nilinyamaza, maana siku nilizokuwa simezi alinisifu, na siku ninazomeza ananishuku.

Mwezi uliopita kapsuli zile ziliisha kwenye duka la dawa la hospitali. Nikapewa za mara mbili kwa siku, lakini za mtengenezaji mwingine, 4 asubuhi na 4 jioni. Wiki mbili baadaye nilipimwa. Wiki hiyo nilikuwa nimeharisha siku nne mfululizo, na usiku wa kuamkia kipimo nilitoka kazini nimechelewa, nikameza saa tano usiku. Damu ilitolewa saa mbili asubuhi. Kiwango kilikuwa 10.9, na kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, imepanda kutoka 115 hadi 138. Vidole vinatetemeka nikishika kalamu. Daktari amesema turudie kipimo baada ya wiki tatu, na safari hii "nisicheze na dawa".

Nyumbani nina aina tatu: mabaki ya zile za zamani, zile za mara moja, na hizi mpya. Nimezitoa zote kwenye karatasi zake na kuzipanga kwenye kisanduku cha siku za wiki. Nafikiria kurudi kimyakimya kwenye zile za zamani, 3 na 3, mpaka siku ya kipimo, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikinipa 7. Nikisema ukweli wa dozi nilizokuwa nakosa, hakuna atakayeamini tena kuwa dawa yenyewe imebadilika. Nisiposema, wataendelea kupandisha na kushusha kwa kubahatisha. Mdogo wangu naye ameanza kuuliza kwa nini naenda kliniki mara kwa mara. Nifanyeje?

Dada wa Mtoaji

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole. Kushukiwa katika miezi ambayo umejitahidi kuliko wakati wowote ni jambo linalouma, na ulinyamaza kwa sababu hukuona pa kuanzia.

Kabla ya yote, usingoje hizo wiki tatu. Kiwango cha 10.9, vidole vinavyotetemeka na kreatinini iliyopanda ni mambo matatu yanayokwenda pamoja. Takrolimasi ikizidi hubana mishipa midogo ya damu ndani ya figo, na mkono hutetemeka. Piga simu kliniki leo, waambie pia habari ya kuharisha, na uombe kipimo kirudiwe mapema. Ukiona homa, mkojo umepungua, miguu imevimba, uzito umepanda ghafla au unasikia maumivu palipowekwa figo, nenda siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye fumbo lako. Kama nimekuelewa, unajiuliza maswali mawili yaliyofungwa pamoja: kwa nini miligramu zilezile hazitoi namba ileile, na kama unaweza kudai jibu la swali hilo bila kufungua siri yako. Nianze na la kwanza, maana linaligusa la pili.

Takrolimasi karibu haiyeyuki kwenye maji. Ili ifyonzwe, mtengenezaji huisambaza ndani ya kiambato kinachoisaidia kuyeyuka, na namna anavyofanya hivyo ndiyo huamua itaachiwa sehemu gani ya utumbo na kwa kasi gani. Ikishaachiwa inakutana na vikwazo viwili kwenye ukuta wa utumbo mwembamba: vimeng'enya vya CYP3A vinavyoivunja, na pampu ndogo zinazoirudisha ilikotoka. Kwa wastani ni kama robo tu ya unachomeza inayofika kwenye damu, na kati ya mtu na mtu tofauti ni kubwa mno. Wapo wenye kimeng'enya cha CYP3A5 kinachofanya kazi kwa nguvu, wakiwamo watu wengi wenye asili ya Afrika, ambao huhitaji dozi mara moja na nusu hadi mara mbili ya wengine ili wafikie kiwango kilekile. Kwa hiyo namba iliyochapwa kwenye kapsuli ni kiasi unachomeza. Kinachoingia mwilini huamuliwa na kapsuli, utumbo, chakula na saa kwa pamoja.

Kapsuli za kawaida, kama Prograf, huachia dawa upesi na kilele chake hufika ndani ya saa moja hadi tatu, ndiyo maana zinamezwa kila baada ya saa 12. Kapsuli za polepole, kama Advagraf, zimeongezewa kiambato kinachochelewesha maji kupenya. Vidonge vya Envarsus, navyo ni takrolimasi ya mara moja kwa siku, vimetengenezwa kwa njia nyingine kabisa: dawa imevunjwa kuwa chembe ndogo sana na huachiwa taratibu mpaka sehemu za chini za utumbo, ambako vimeng'enya vile ni vichache, kwa hiyo inayofika kwenye damu ni nyingi zaidi. Mgonjwa akihama kutoka kapsuli za mara mbili kwenda Advagraf, jumla ya siku huhamishwa miligramu kwa miligramu, kisha damu hupimwa kwa sababu kwa baadhi ya watu kiwango hushuka kidogo. Akihamia Envarsus hupunguziwa tangu mwanzo: Ulaya huanza na asilimia 70 ya jumla ya siku, Marekani asilimia 80. Miligramu zako 6 zingekuwa kati ya 4.2 na 4.8. Mtu akikosea akatoa aina moja mahali pa nyingine kwa kusoma namba tu, kosa lake ni kubwa hata kama jina "takrolimasi" ni lilelile.

Turudi kwenye 4.2 yako. Umeandika, kama jambo la kupita, kwamba ulikuwa ukimeza ukiwa umeshiba. Hapo ndipo mimi ningetazama kwanza. Kwa kapsuli za kawaida, mlo wenye mafuta mengi ulipojaribiwa kwa watu wenye afya, jumla ya dawa iliyofika kwenye damu ilipungua kwa asilimia 37 na kilele kikashuka kwa asilimia 77. Aina ya polepole nayo huathiriwa na chakula. Ndiyo maana inashauriwa kuimeza tumbo likiwa tupu, angalau saa moja kabla ya kula au saa mbili hadi tatu baada ya kula. Ulibadilishiwa dawa, na tangu hapo ukawa unaimeza pamoja na chakula. Dawa peke yake haistahili lawama yote, wala wewe.

Halafu 10.9. Hapo naona mambo matatu yaliyosukuma upande mmoja. Kwanza, miligramu 8 kwa siku ni zaidi ya zile 6 za mwanzo kwa theluthi nzima, na zilikuwa zimepandishwa ili kufidia kiwango kilichoshushwa, yumkini, na kifungua kinywa. Ulipohamishiwa kapsuli za kawaida, 8 zile zilihama nawe. Pili, kuharisha. Wengi hudhani dawa hupita bila kufyonzwa, na kwa takrolimasi mara nyingi ni kinyume: ukuta wa utumbo ukiumia, vimeng'enya na pampu hupungua, na dawa huingia kwa wingi. Tatu, saa. Kiwango kinachosomwa ni cha chini kabisa, kile cha mwisho kabla ya dozi inayofuata, yaani saa 12 kamili kwa dawa ya mara mbili. Wewe ulimeza saa tano usiku, ukatolewa damu saa mbili asubuhi: saa tisa. Namba hiyo ilisomwa mapema, na pengine hakuna aliyekuuliza ulimeza saa ngapi.

Je, mtengenezaji mpya ana mkono wake humo? Inawezekana. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilielekeza takrolimasi iandikwe na kutolewa kwa jina la kibiashara, kwa sababu wagonjwa waliobadilishiwa bila kujua walikuwa wamepata sumu ya dawa au miili yao kukataa kiungo. Septemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiondoa kapsuli moja ya takrolimasi kwenye orodha ya zinazoweza kubadilishana na Prograf, baada ya kuonekana kilele chake kinaweza kuwa juu zaidi. Siklosporini, dawa nyingine ya kuzuia mwili usikatae kiungo, ilipita njia hiyohiyo. Aina yake ya mafuta, Sandimmune, ilitegemea sana nyongo na chakula, na aina nyingine, Neoral, ilipokuja mwaka 1995 ikiwa katika matone madogo sana, ilifyonzwa vizuri zaidi, ndiyo maana hizo mbili hazibadilishani hadi leo. Mwaka 2000 dawa ya maji ya siklosporini, SangCya, iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ikichanganywa na juisi ya tufaha haikufyonzwa sawa na Neoral. Juisi tu, dada yangu.

Lakini nisikutie hofu na dawa za watengenezaji wengine. Kipimo cha usawa kati ya dawa ya mtengenezaji mwingine na ile ya awali, kinachosemwa "asilimia 80 hadi 125", hakina maana kwamba dawa mbili zinaweza kupishana kwa asilimia 45. Ni wastani pamoja na ukingo wake wote wa makosa unaotakiwa kukaa humo, na kwa takrolimasi Ulaya imebana zaidi, 90 hadi 111 kwa jumla ya dawa inayofika kwenye damu. Wagonjwa wengi wanaishi salama na dawa hizo. Hatari iko kwenye kuhama bila taarifa na bila kipimo cha damu kufuata.

Sasa siri yako. Unaamini kwamba ukisema ukweli, hoja ya dawa kubadilika itakufa. Hebu tuigeuze kidogo. Daktari anasimamia hesabu zake zote juu ya namba moja: "miligramu 6 zinampa 7." Lakini 7 ile ilikuwa ya siku nne za kujikaza. Siku nyingine huenda ulikuwa chini sana kuliko hapo, na kiwango kinachopanda na kushuka ndicho kinachohusishwa na mwili kukataa kiungo na kupotea kwa figo, hata pale ambapo wastani unaonekana mzuri. Asipojua hilo, hawezi kuona kwamba mabadiliko makubwa kuliko yote ya miezi mitano ni kwamba umeacha kukosa dozi. Ukweli huo unaweza kumwonyesha kwamba dawa ya mara moja ilikufaa kwa jambo lililokushinda kwa miaka. Na ni kweli pia kwamba anaweza kukasirika, au kukutazama kwa jicho jingine kwa muda. Hilo siwezi kukuahidi kwamba halitatokea.

Najiuliza pia kama ni lazima aanze kuambiwa yeye. Mfamasia wa kliniki, au muuguzi unayemzoea, mara nyingi huyasikia haya bila kushtuka, na anaweza kukaa nawe chumbani siku hiyo.

Unazo njia kadhaa, na kila moja ina miiba yake. Kurudi kimyakimya kwenye zile za zamani kunavutia, ila kipimo kitakachofuata kitasomwa kama cha dawa nyingine, na daktari atapanga dozi ya kapsuli ambazo hunywi. Tena mabaki hayo yatakwisha, nawe utahama mara ya nne. Hii ndiyo njia ninayoiogopa zaidi. Kurudi kwenye dawa ya mara moja kunaondoa tatizo la jioni, lakini dozi moja ikikupita ni siku nzima imepita, na lazima hospitali ikuhakikishie kwamba haitaisha tena. Kubaki kwenye za mara mbili kunawezekana kama zitakuwa za mtengenezaji mmoja daima na dozi ikapangwa upya. Swali hapo ni zamu zako: je, zipo saa mbili zinazopishana kwa saa 12 ambazo uko macho kila siku? Vidonge kama Envarsus, pale vinapopatikana, hupunguza kilele, na kwa anayetetemeka mikono hilo linaweza kuwa na maana. Navyo pia vinahitaji hesabu mpya na damu kupimwa. Njia yoyote mtakayoshika, kipimo kifanyike baada ya mwili kutulia, kama wiki moja hivi baada ya kuhama, kisha kirudiwe mpaka namba zisimame.

Kuna jambo moja la kando ambalo barua yako imenifanya nilikumbuke. Ulimeza dawa ukiwa umeshiba kwa sababu tumbo linakusumbua. Kama umenunua chochote cha kupunguza asidi, kitaje. Omeprazoli na wenzake hupunguza kuyeyuka kwa mikofenoleti mofetili tumboni, na dawa za kiungulia zenye magnesi na alumini huizuia kufyonzwa. Ipo mikofenoleti yenye ganda linalofunguka utumboni, ambayo haiguswi hivyo na omeprazoli. Miligramu 360 za hiyo ni sawa na 500 za mofetili, kwa hiyo nayo haibadilishwi namba kwa namba. Balungi na juisi yake viache kabisa.

Sasa kile kisanduku chako. Kimwage leo. Kapsuli hizi huogopa unyevu: zile za polepole hukaa kwenye mfuko wa alumini wenye kipakiti cha kukaushia, na mfuko ukishafunguliwa zina mwaka mmoja. Maelekezo ni kumeza mara tu unapoitoa kapsuli kwenye kishimo chake. Ulizokwisha kuzitoa usizimeze kwa kukisia rangi, zirudishe kwa mfamasia akutambulie na kukupa nyingine. Kuanzia sasa, kata karatasi ya dawa kwa mkasi bila kutoboa vishimo, uweke vipande hivyo kwenye kisanduku, jina likisomeka. Weka nyumbani aina moja tu ya takrolimasi, ile uliyoandikiwa. Kapsuli za polepole usizifungue wala kuzitafuna. Ukichelewa, meza siku hiyohiyo mara ukumbukapo, wala usiongeze kesho yake ili kufidia.

Siku ya kliniki beba maboksi yote matatu, matupu na yenye dawa, na karatasi moja uliyoandika tarehe ya kila mabadiliko, jina lililoko kwenye boksi, miligramu, ulimeza saa ngapi, ulikula saa ngapi, damu ilitolewa saa ngapi, na siku za kuharisha. Dozi ya asubuhi usiimeze kabla ya kutolewa damu, nenda nayo mkononi. Kama maneno yatakukwama, unaweza kuanza hivi: "Daktari, kuna jambo kuhusu zile namba za 7 ambalo litabadilisha hesabu yako." Au umpe tu karatasi, na mstari wa kwanza uwe huo. Mwombe pia aandike jina la kibiashara kwenye cheti, na wewe ulisome boksi palepale dirishani kabla hujaondoka. Likiwa jingine, usigombane, sema: "Naomba kliniki ijue kabla sijaanza hii."

Nimemwacha mdogo wako mwisho kwa sababu naona ndiye anayekaa katikati ya barua yako, mpaka jina ulilojipa ni lake. Unahisi unamdai hesabu ya kila kapsuli? Alikupa figo, na ilipofika kwako ikawa yako. Kumficha kila kitu kunakuchosha, na kumwambia kila kitu leo, kabla hujajua kreatinini inaelekea wapi, kunaweza kumtwika hofu asiyoweza kuifanyia lolote. Kati ya hayo mawili kuna la kweli unaloweza kumwambia jioni hii akiuliza: kwamba dawa imebadilishwa, namba hazijatulia, na unazifuatilia. Kisha, kama moyo utakubali, mwambie saa unayomeza. Huenda akataka kukupigia simu saa hiyo.